Ufinyangikaji Uliokithiri

Mwambie abiria kwamba feni ya injini ya ndege yake imetengenezwa kwa titani ya kiplastiki, naye atadai arudishiwe nauli. Hana kosa. Kwetu plastiki ni ndoo, beseni na viti vya harusini. Lakini asili ya neno hilo ni kitenzi cha Kigiriki cha kufinyanga udongo, na wataalamu wa metali bado wanalitumia kwa maana hiyo: hali ya kitu kukubali umbo na kukaa nalo. Unyumbufu nao haufai, maana kinachonyumbuka, kama mpira, ukikiachia hurudi kilivyokuwa. Neno letu liko kwa mfinyanzi: ufinyangikaji.

Metali nyingi hufinyangika kiasi. Aloi ya titani yenye alumini asilimia 6 na vanadi asilimia 4, inayotumika sana kwenye ndege, ukiivuta ikiwa baridi hurefuka kidogo tu ikakatika. Ipashe moto hadi nyuzi 900 hivi za Selsiasi, uivute polepole, nayo itafika mara kadhaa ya urefu wake. Mwaka 1934, huko Uingereza, C. E. Pearson alivuta aloi ya bati na bismuthi ikarefuka kwa asilimia 1,950. Mwaka 1945 Warusi Bochvar na Sviridenko waliipa hali hiyo jina lenye kiambishi cha kupita kiasi. Ndipo nasi tunaposema: ufinyangikaji uliokithiri.

Siri ni chembe za metali, ambazo sharti ziwe ndogo, kwa kawaida chini ya maikromita 10. Gunia la maharage ukilisukuma hubadili umbo, wala hakuna haragwe lililorefuka. Kila moja limeteleza likapata jirani mpya. Chembe nazo huteleza hivyo. Ukizikimbiza, bamba hukonda mahali pamoja na kupasuka.

Kwa hiyo kiwandani hakuna nyundo. Bamba hubanwa juu ya kalibu yenye moto, kisha gesi ya arigoni hulisukuma taratibu mpaka lijilaze kwenye kila kona. Hewa ya kawaida haifai, kwa kuwa titani ya moto hufyonza oksijeni, uso wake ukawa mkavu na mwepesi kupasuka.

Mapanga ya feni ya injini za Rolls-Royce Trent huanza kama mabamba matatu yaliyoshikanishwa kwa joto na shinikizo, isipokuwa palipopakwa dawa ya kuzuia yasigande. Arigoni ikipulizwa kati yake, mabamba ya nje hutanuka, la ndani likavutika kuwa mihimili, na panga likabaki na uwazi ndani: jepesi, lakini imara.

Mtafsiri achunge silabi moja. Ufinyangikaji ni sifa ya titani. Ufinyangaji ni kazi ya kiwanda. Akiandika kwamba kiwanda kimenunua mashine ya ufinyangikaji, fundi atajiuliza kama ni mashine yenyewe inayolainika.