Kutoka 'matatu' hadi 'kuita gari'

JUMA lililopita mwanafunzi wangu alinipigia simu: "Mwalimu, nimeita Uber, nitachelewa kidogo." Kitenzi hicho 'kuita' kilinikwama. Abiria wa Nairobi alianza lini kuita gari? Kwa miongo mingi sisi ndio tulioitwa: "Tao mbao! Tao mbao!"

Jina 'matatu' lenyewe lilitokana na bei. Wakongwe husimulia kuwa ni kifupi cha 'mang'otore matatu', yaani vipande vitatu vya senti kumi kwa Gĩkũyũ, nauli ya enzi hizo. Magari hayo yalihudumu kwa kujificha hadi 1973, Rais Jomo Kenyatta alipoyaruhusu kubeba abiria bila leseni maalumu. Basi yakashindana waziwazi na Kenya Bus, iliyokuwa jijini tangu 1934. Bodaboda nayo ilizaliwa Busia, waendesha baiskeli wakiwaita wasafiri wavuke 'boda' hadi Uganda. Kote huko mwenye chombo ndiye aliyepaza sauti, na kila mtu akasikia.

Uber ilipoingia Nairobi mwaka wa 2015, mwito uligeuka. Abiria akawa ndiye mwitaji, kimyakimya, na bei ikahamia kwenye skrini yake peke yake. Mvua ikinyesha inapanda. (Ya matatu pia hupanda, lakini pale angalau tunalalamika pamoja.) Dereva akapewa jina tamu, 'mshirika', ingawa ilibidi kanuni za 2022 ziwekee kamisheni anayokatwa kikomo cha asilimia 18.

Sikatai, kuna faida. Anayetoka kazini usiku hujua jina la dereva na nambari ya gari kabla ya kupanda. Na kama gari hilo linamfikisha steji ya mbali, au linamwondolea haja ya kununua lake, jiji limenufaika. Ila nissan ya viti 14 na gari lililobeba mtu mmoja hubanana kwenye Ngong Road ileile, na hewa tunayovuta ni moja. Kwa hivyo kuhesabu walioita gari hakutoshi. Tuulize wameacha nini.

Mwanafunzi yule alipofika, dakika 40 baadaye, nilimuuliza: simu ingezima, ungekuja na nini?

"Si matatu tu, Mwalimu. Steji iko hapo nje ya geti."