Mshono wa Beseni

Bibi yangu alichota maji ya Lualaba kwa chungu. Mama yangu alitumia beseni la bati, kwa maana reli iliunganisha Kindu, mji wetu, na Kongolo kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na vitu vya dukani vikafuata njia hiyo. Plastiki ni mgeni wa juzi. Polithini iligunduliwa Uingereza mwaka 1933 kwa bahati tu. Ile ngumu ya mabidoni akaipata Karl Ziegler, Ujerumani, mwaka 1953.

Vita vya 1998 vilipokata reli, beseni jipya la plastiki likawa mali ya wenye fedha. Ndipo nikaenda kwa mzee mmoja wa mtaa wa Alunguli kujifunza kushona mabeseni yaliyopasuka. Alikuwa na mbabula ya makaa, kisu kizee na vipande vya bidoni ya njano. Kisu kikishika moto, ukingo wa ufa unalegea kama nta. Unaweka kiraka, unakandamiza, unalainisha kwa ubapa wa kisu. Kisha, upesi, kitambaa kibichi.

Siku moja nilikisahau. Nililiacha beseni kando ya makaa, likapoa taratibu, na mshono ukatoka mweupe, mgumu, wa kupendeza. Kesho yake mama mwenye beseni alirudi nalo limepasuka palepale, kanga imelowa.

"Papa, nilishona vizuri," nikamwambia mzee.

"Ulishona vizuri, ukapoza vibaya."

Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa. Polithini ni nyuzi ndefu mno. Ikipoa polepole, nyuzi hupata nafasi ya kulala sambamba kama kuni kwenye mzigo, na kuwa fuwele. Fuwele zikizidi, plastiki hukakamaa na kuvunjika. Ukiipoza ghafla, nyingi hubaki zimevurugika, na mshono unakubali kupinda.

Lakini katika vurugu hiyohiyo ndimo dawa za kiwandani zinamopita, zile zinazotiwa kuikinga plastiki na jua na joto. Hazitulii mahali pamoja, na moto huzikimbiza. Ndiyo maana nilikuwa nikiwasihi wauza mawese wasimimine mafuta ya moto kwenye bidoni: mafuta huzinyonya, na bidoni huzeeka kabla ya wakati wake.

Beseni lililokaa miaka juani mzee alilijua kwa kucha. Alikwaruza ukingo, unga mweupe ukadondoka, akamrudishia mwenyewe kwa mikono miwili.

"Hili limechoka, mama. Lipandie lengalenga."