Kurekebisha komiti za awali wakati ribesi ya Git ingali inaendelea

PROGRAMU ya kompyuta haiandikwi kwa siku moja. Huongezwa hatua baada ya hatua, na kila hatua huhifadhiwa pamoja na tarehe, jina la aliyeiandika na maelezo mafupi. Hatua hiyo huitwa komiti. Chombo kinachotumiwa zaidi duniani kuhifadhi komiti ni Git, kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya kazi ya Linux.

Git huweka historia yote ndani ya kompyuta ya mtumiaji. Kwa hivyo mtayarishaji programu aliyeko Kinondo, kusini mwa Diani katika Kaunti ya Kwale, anaweza kuipanga upya kazi yake hata mtandao unapokatika. Kupanga upya huko ndiko kuitwako ribesi.

Tuseme anaunda programu ya kunakili uzito wa samaki wanaopimwa ufuoni. Baada ya komiti kadhaa ambazo hajawatumia wenzake, anagundua kuwa mojawapo ya tano za mwisho inajumlisha kilo vibaya. Akiandika "git rebase -i HEAD~5", orodha ya komiti hizo hufunguka. Kwenye mstari wa ile yenye kosa, hubadilisha neno "pick" kuwa "edit". Git hurudi hadi hapo na kusimama. Husahihisha faili, huiandaa kwa "git add", huandika "git commit --amend", kisha "git rebase --continue" ili zilizosalia zipangwe juu yake.

Huenda akiwa katikati akaona kosa jingine katika komiti iliyokwisha kupitwa. Ribesi ya pili haiwezi kuanzishwa kabla ya ile ya kwanza kukamilika. Njia salama ni kuhifadhi sahihisho kwa "git commit --fixup" pamoja na nambari ya komiti yenye kosa, kumaliza ribesi, kisha kuanza nyingine yenye "--autosquash" kuanzia kabla ya komiti hiyo. Git italiunganisha sahihisho mahali pake. Kwa komiti ambazo hazijafikiwa, amri ya "git rebase --edit-todo" huifungua orodha upya.

Tahadhari kubwa ni kutambua sababu ya kusimama. Ikiwa ni "edit", komiti imekwisha kuandikwa. Ikiwa ni mgongano wa marekebisho, bado haijaandikwa, na "--amend" wakati huo huichanganya na iliyotangulia, hatua mbili zikawa moja. Panapo mgongano, faili husahihishwa, hufuata "git add", kisha "git rebase --continue". Amri ya "git status" huonyesha hali ilivyo.

Mambo yakiharibika, "git rebase --abort" hurejesha kila kitu kilivyokuwa. Ribesi ikiwa imekwisha, "git reflog" huonyesha komiti za zamani, ambazo kwa kawaida huhifadhiwa kwa siku zisizopungua 30.

Komiti iliyoandikwa upya hupata nambari mpya, na zote zinazoifuata vilevile. Ndiyo sababu zile ambazo wenzake wamekwisha kuzichukua hazifai kuguswa bila makubaliano. La sivyo, kutakuwa na historia mbili za kazi moja, na hesabu yenye kosa inaweza kurudi kimyakimya katika programu ambayo wavuvi wanaitegemea.