Upinde unaopinda mkononi na upinde mgumu wa katikati



Katika darasa letu la useremala kumetokea swali ambalo limegawanya watu. Vijana wanachonga pinde za kuuza. Wengi wao wanaacha pale pa kushikia pawe panene na pagumu, mikono miwili tu ya upinde ndiyo inapinda. Wazee wanasema hapana, upinde unapinda wote, hata ndani ya kiganja. Na juu ya hayo kuna pendekezo kwamba kila upinde upigwe muhuri wenye maneno "upinde wa mababu". Kabla muhuri haujachongwa, tumeona vizuri tusimulie habari za watu wengine ambao jambo hili liliwapata: Waingereza. Upinde wao mrefu unajulikana dunia nzima, na kwa miaka mingi walikuwa na hakika kwamba wanaufahamu.

Kwanza kazi yenyewe, juu si kila msomaji ameshika randa. Mti ukivutwa, mgongo wake unanyooshwa na tumbo lake linabanwa. Kama upinde wote unapinda, mzigo huo unagawanywa kutoka ncha hadi ncha, na mti mfupi unaweza kuvutwa mbali bila kuvunjika. Ukifanya katikati pagumu, umeondoa sehemu ya wafanyakazi. Mikono iliyobaki inabeba yote. Basi inabidi upinde uwe mrefu zaidi au mikono iwe mipana zaidi. Faida yake ni kwamba mkono wa mpigaji unatulia. Upinde unaopinda kupita kiasi katikati unarudi kwa kishindo mshale ukitoka, na kishindo hicho unakisikia mpaka kwenye kiwiko. Kuna faida ya pili: mshiko mgumu unaweza kuwa mwembamba upande ule mshale unapopita. Ukiongeza upana wa mti mara mbili, ugumu unaongezeka mara mbili tu. Ukiongeza unene mara mbili, ugumu unaongezeka mara nane. Kwa hiyo fundi anapunguza upana na kuacha unene. Hatari iko pale unene unapoanza kushuka kuelekea mikono: ukishusha ghafla, ni hapo patavunjika. Vijana wetu hilo wameshalijua kwa hasara ya mbao.

Sasa turudi Uingereza. Upinde wa vita vya Crécy mwaka 1346 na Agincourt mwaka 1415 ulichongwa hasa kwa mti wa yuu, mti wenye majani membamba kama ya msonobari. Mti mzuri wa aina hiyo haukutosha kwao. Sheria ya mwaka 1472 iliagiza kwamba meli za biashara zinazoingia nchini zilete na miti ya pinde, kila meli kwa kadiri ya mzigo wake. Kumbe hata upinde wa sifa ya taifa ulikuwa wa mti wa kuagizwa ng'ambo! Mwaka 1545 mwalimu mmoja, Roger Ascham, alitoa kitabu juu ya upigaji wa mishale, Toxophilus. Upinde aliousifu ni ule unaopinda sawasawa kwa urefu wake wote. Mwaka huohuo, tarehe 19 Julai, meli ya kivita ya Mfalme Henry VIII, Mary Rose, ilizama karibu na Portsmouth pamoja na mamia ya watu wake.

Baada ya hapo bunduki zikashinda. Mwaka 1595 baraza la Malkia Elizabeth liliamua pinde zisihesabiwe tena kuwa silaha za askari wa mgambo. Watu waliendelea kupiga mishale kwa burudani, lakini fundi wa upinde wa vita hakuwa na mteja tena, na fundi asiye na mteja hamfundishi mtoto wake.

Mwaka 1781 waungwana wa London waliunda chama cha kupiga mishale, na mchezo ukapendwa upya. Walipiga shabaha iliyosimama, umbali wa yadi 60, 80 na 100, wakihesabu pointi. Bingwa wao mkubwa, Horace Ford, alishinda ubingwa wa taifa miaka 11 mfululizo, kuanzia 1849 hadi 1859. Katika kitabu chake cha 1856 alisema wazi kwamba upinde uwe mnene na usiopinda katikati, ukipungua pole pole kuelekea ncha. Unaopinda mkononi unapiga mkono. Na alikuwa na haki! Kwa mtu anayepiga mishale mingi kwa siku moja, kwa upinde wa kuvuta kama kilo 20 hadi 25, mkono uliotulia ndio pointi. Tena pinde nyingi za wakati ule ziliunganishwa katikati kwa vipande viwili, sababu mti mmoja mrefu usio na kasoro ni shida kuupata. Kiungo kile hakitaki kuyumba. Basi ukosefu wa mti na raha ya mkono vyote vilisukuma upande mmoja: mshiko mgumu.

Upinde huo ukaitwa upinde mrefu wa Kiingereza, na wengi waliushika wakiamini wanashika urithi wa Agincourt. Hakuna aliyedanganya. Pinde za zamani za kweli zilikuwa chache mno. Kwa sehemu kubwa zilikuwa zile chache ambazo wapiga mbizi walizitoa Mary Rose katika karne ya 19.

Halafu mwaka 1982 meli yenyewe ikainuliwa kutoka kwenye matope. Zilihesabiwa pinde 172, nyingine zikiwa bado ndani ya makasha yake, na mishale zaidi ya 3,500. Nyingi za pinde hizo zina urefu wa karibu mita 2. Hazina mshiko uliochongwa pekee, hazina ngozi ya kushikia, na unene unapungua bila kukatika toka katikati hadi ncha. Zinapinda zote. Wataalamu walikadiria kwamba kuzivuta kulitaka kuanzia kilo 45 hivi hadi zaidi ya 70. Upinde wa namna hiyo ulitengenezwa kwa askari aliyezoezwa tangu utoto. Kishindo hakikuwa shida yake. Shida yake ilikuwa upinde usivunjike na mshale mzito ufike.

Mtu asikimbilie kusema kwamba mshiko mgumu basi ni uvumbuzi wa juzi. Katika kinamasi cha Holmegaard, Denmark, mwaka 1944 zilifukuliwa pinde za mti wa elmu zenye umri wa miaka kama 9,000. Zina mikono mipana na mshiko mwembamba, mgumu. Na huku kwetu Afrika, Wahadza wa ziwa Eyasi, Tanzania, wanawinda mpaka leo kwa upinde mrefu wa fimbo ya mviringo usio na mshiko wa pekee. Tukiulizwa ni upi wa asili, tutajibu: asili ya nani, na kwa kazi gani?

Kwa sababu hiyo hatukubaliani na wale wanaotaka kijana aliyechonga mshiko mgumu aambiwe ameharibu mila. Wengi wao walizaliwa kambini na walichonga walichoona kwenye filamu. Upinde wao unapiga vizuri. Lakini muhuri wa "mababu" juu yake hapana. Mnunuzi ataamini, mtoto wa kijana huyo ataamini zaidi, na sisi hatuna meli chini ya maji ya kuja kumsahihisha.

Pendekezo letu kwa kamati ni kwamba muhuri uandike jina la aliyechonga, kijiji, jina la mti na mwaka, basi. Na familia ambazo bado zina upinde wa mzee ukutani, tunawaomba wasiukwangue wala kuupaka vernisi. Leteni darasani upimwe mahali patatu: katikati, shubiri moja juu ya mkono na shubiri moja chini yake, upana na unene. Mzee aliyeuchonga akiwa hai, aje naye, tuuvute mbele yake pole pole tuone panapopinda. Vipimo vitaandikwa katika daftari la darasa, na upinde utarudi nyumbani siku hiyohiyo.