Gharama ya Kukosekana: Ibrahimović, AC Milan na Suala la Kumwongezea Mkataba Nyota Mkongwe

Katika mijadala ya usajili wa wachezaji wa soka imekita mizizi kauli moja inayorudiwa na wachambuzi wa takwimu na kuungwa mkono na wakurugenzi wengi wa klabu, kwamba mchezaji aliyevuka miaka thelathini na ambaye huumia mara kwa mara hapaswi kuongezewa mkataba, hata awe nyota wa kiasi gani, kwa kuwa klabu inayomlipa hulipia mabao aliyokwisha kuyafunga na wala si yale atakayoyafunga. Simon Kuper na Stefan Szymanski, katika kitabu chao Soccernomics kilichotoka mwaka 2009, waliipa kauli hiyo sura ya kiuchumi walipodai kuwa soko la wachezaji huwathamini wakongwe kupita kiasi, na tangu hapo dai hilo limekuwa kanuni inayotajwa bila kuhojiwa. Makala haya yanaikubali nusu ya kanuni hiyo na kuipinga nusu nyingine. Yanashikilia kwamba umri na historia ya majeraha ni vigezo vya kupangia mshahara na muda wa mkataba, ilhali uamuzi wenyewe wa kumbakiza au kumwacha mchezaji unapaswa kuongozwa na kipimo kinachoitwa hapa gharama ya kukosekana, yaani pointi ambazo timu huzipoteza katika mechi ambazo nyota huyo hayumo uwanjani. Kutokana na kipimo hicho hupatikana hitimisho linaloweza kuwashangaza mashabiki: timu inayoweza kushinda bila nyota wake mkongwe ndiyo yenye haki ya kumbakiza, na ile isiyoweza kushinda bila yeye ndiyo inayopaswa kumwacha.

Kuhusu mwili wenyewe hakuna ubishi wa maana. Kasi hupungua kadiri umri unavyosonga, na msuli wa paja uliowahi kuchanika una hatari kubwa zaidi ya kuchanika tena. Hayo yamethibitishwa mara nyingi, hasa na utafiti wa majeraha katika klabu kubwa za Ulaya ulioanza mwaka 2001 kwa ushirikiano na UEFA chini ya daktari Jan Ekstrand wa Sweden. Ubishi unaanzia pale matokeo ya utafiti huo yanapobebeshwa mzigo usio wake. Mwaka 2013 Martin Hägglund na wenzake, wakitumia data za misimu 11, walionyesha kwamba timu zenye majeraha machache na wachezaji wengi walio tayari kucheza humaliza ligi zikiwa katika nafasi za juu zaidi. Matokeo hayo ni sahihi, lakini yanahusu kikosi kizima, na mtu anayeyachukua kuamua hatima ya mchezaji mmoja anavuka kutoka wastani wa kundi kwenda kwa mtu binafsi bila kujenga daraja lolote katikati. Kikosi chenye majeruhi wanane kina tatizo tofauti kabisa na kikosi chenye majeruhi mmoja ambaye kila mtu, kuanzia daktari hadi mtunza vifaa, alijua tangu Julai kwamba ataumia.

Arsenal ya Arsène Wenger ilijaribu kulitatua jambo hili kwa sheria moja kwa wote, ambayo ilimpa mchezaji aliyepita miaka 30 mkataba wa mwaka mmoja tu kwa wakati mmoja. Dennis Bergkamp aliikubali na akaongeza mwaka baada ya mwaka hadi alipostaafu mwaka 2006. Robert Pires aliikataa, akaenda Villarreal ya Uhispania mwaka huohuo, na kabla msimu haujaanza akaumia goti vibaya kiasi cha kukaa nje miezi mingi, jambo lililowafanya wengi waione sheria ya Arsenal kuwa ya busara. Wanaoutaja mfano huo kwa kawaida hukomea hapo. Hawasemi kwamba Pires alipona, na kwamba katika msimu wa 2007/08 alikuwa mhimili wa Villarreal iliyomaliza ya pili katika ligi kuu ya Uhispania. Mfano uleule unaweza kutetea pande zote mbili kwa kutegemea mwaka ambao msimulizi anachagua kuacha kusimulia, na kwa sababu hiyo hauwezi kuwa ushahidi wa upande wowote.

Ushahidi ulio bora unahitaji mchezaji mmoja aliyeongezewa mikataba zaidi ya mara moja na klabu ileile, katika hali tofauti za mwili wake. Zlatan Ibrahimović, mshambuliaji wa Sweden aliyezaliwa Oktoba 1981, anatimiza sharti hilo kuliko mwingine yeyote. Alirejea AC Milan mwishoni mwa Desemba 2019 akiwa na miaka 38, siku chache baada ya timu hiyo kufungwa 5-0 na Atalanta, kwa mkataba wa miezi sita wenye kipengele cha kuongezwa. Akaongezewa mwaka mmoja Agosti 2020, mwaka mwingine Aprili 2021, na mwaka wa mwisho Julai 2022. Mmiliki wa klabu wakati wa usajili wa kwanza alikuwa mfuko wa uwekezaji wa Elliott, ambao sera yake ilikuwa kununua vijana na kupunguza mishahara, kwa hiyo kila uamuzi wa kumbakiza ulikwenda kinyume na sera ya klabu yenyewe.

Msimu wa 2020/21 ndio unaostahili kuchunguzwa kwa makini, kwa kuwa maradhi na majeraha yaliugawa kana kwamba kuna mtafiti aliyepanga jaribio. Katika mechi 16 za kwanza za ligi Ibrahimović alicheza sita tu. Alizikosa mbili mwanzoni kwa sababu ya Uviko-19, dhidi ya Crotone na Spezia, kisha akaumia paja Novemba 22 katika mechi ya Napoli na kuzikosa nane mfululizo, kuanzia ile ya Fiorentina hadi ile ya Juventus ya Januari 6. Katika mechi sita alizocheza alifunga mabao 10, yakiwemo mawili dhidi ya Inter na bao la tiktaka lililowapa ushindi ugenini kwa Udinese, na Milan ikashinda nne na kutoka sare mbili, yaani pointi 14 kati ya 18. Yeyote aliyeitazama timu hiyo siku hizo angeapa kwamba bila yeye ingeporomoka. Haikuporomoka. Katika mechi 10 alizozikosa ilishinda saba, ikatoka sare mbili na kufungwa moja, ikapata pointi 23 kati ya 30. Wastani wa pointi kwa mechi ulikuwa 2.33 alipokuwapo na 2.30 alipokosekana.

Pingamizi la haraka ni kwamba wapinzani hawakulingana, na pingamizi hilo lina msingi, maana Crotone, Parma na Benevento, timu tatu zilizoshuka daraja mwishoni mwa msimu, zote zilikutana na Milan isiyokuwa na Ibrahimović, ilhali yeye alicheza na Inter, Roma na Napoli. Hata hivyo, mechi hizo tatu zikiondolewa, zinabaki saba alizozikosa ambamo Milan ilipata pointi 16 kati ya 21, wastani wa 2.29. Tofauti inabaki kuwa ndogo mno kuweza kubeba hoja. Idadi ya mechi ni ndogo pia, na mwanatakwimu mkali anaweza kukataa kuzitumia kabisa, lakini klabu haina anasa ya kungoja misimu kumi ndipo iamue kuhusu mtu mwenye umri wa miaka 39.

Linalovutia zaidi kuliko wastani ni namna pointi zile zilivyopatikana. Dhidi ya Parma, Theo Hernández, ambaye ni beki wa kushoto, alifunga mabao mawili na la pili likaokoa sare dakika za nyongeza. Dhidi ya Lazio huyohuyo akafunga kwa kichwa bao la ushindi mechi ikiwa inaelekea mwisho. Na dhidi ya Sassuolo Rafael Leão, aliyekuwa na miaka 21, akafunga katika sekunde ya saba, bao la haraka kuliko yote katika historia ya Serie A, ligi kuu ya Italia. Hali hiyo ilijirudia Mei 2021, Ibrahimović alipoumia goti katika mechi dhidi ya Juventus: Milan ikacheza mechi tatu za mwisho bila yeye, ikaifunga Torino 7-0, ikatoka sare na Cagliari, na ikaifunga Atalanta ugenini na kurudi katika Ligi ya Mabingwa ambayo ilikuwa imeikosa tangu msimu wa 2013/14.

Hapa ndipo wapinzani wa wakongwe wanapodhani wameshinda, kwa kuuliza kwa nini basi alipwe mtu ambaye kukosekana kwake hakupunguzi kitu. Swali hilo linachanganya mambo mawili. Gharama ndogo ya kukosekana haimaanishi kuwa mchezaji hana mchango. Inamaanisha kuwa mchango wake ni nyongeza juu ya msingi ulio imara, na nyongeza ndiyo pekee inayoweza kununuliwa kwa mtu ambaye mwili wake hauna uhakika. Msimu wa ubingwa wa 2021/22 unalionyesha hilo vizuri. Klabu ilimsajili Olivier Giroud kutoka Chelsea, ambaye alifunga mabao 11 ya ligi, yakiwemo mawili yaliyoigeuza mechi ya Inter ya Februari 2022 wakati Ibrahimović akiuguza kano ya kisigino, huku Ibrahimović mwenyewe akifunga mabao manane katika mechi 23. Aprili 24, kwenye uwanja wa Lazio, alikuwa Ibrahimović aliyeingia kutoka benchi na kumsogezea mpira kwa kichwa Sandro Tonali, aliyefunga bao la ushindi dakika ya pili ya nyongeza. Milan ilitwaa ubingwa kwa pointi 86 dhidi ya 84 za Inter. Hesabu kavu inasema kuwa hata bila bao hilo timu hizo zingelingana pointi, na Milan ingetangulia kwa matokeo ya mechi zao mbili. Lakini hakuna kocha anayeukataa mguso wa namna hiyo anapoweza kuupata kwa mkataba wa mwaka mmoja.

Watetezi wa Ibrahimović nao wanastahili kupingwa, maana wamejenga hoja yao juu ya kitu kisichopimika. Husema kwamba aliwapa vijana moyo wa ushindi, kwamba mazoezi yalibadilika siku aliyoingia kambini Milanello. Huenda ni kweli. Lakini Januari 2020 aliwasili pia beki Simon Kjær, kocha Stefano Pioli alikuwa ndio kwanza anaanza kuijua timu, na Hernández na Leão walikuwa katika umri ambao wachezaji hukua wenyewe. Kumpa mtu mmoja sifa ya mambo hayo yote ni imani, na imani haipangi bajeti ya mishahara.

Mfano unaoonekana kuyavunja madai ya makala haya ni wa Manchester United. Ibrahimović aliifungia mabao 28 katika mechi 46 za msimu wa 2016/17, kabla ya kukatika kano msalaba ya mbele, ile inayoshikanisha mfupa wa paja na wa muundi ndani ya goti, katika mechi ya Anderlecht mwezi Aprili. Klabu ilimwacha, ikamnunua Romelu Lukaku, kisha Agosti ikamsajili tena. Alicheza mechi saba, akafunga bao moja, akaondoka Machi 2018. Hata hivyo United ilimaliza ya pili kwa pointi 81, na hasara yake iliishia kwenye mshahara. Baada ya hapo mchezaji aliyedhaniwa kwisha alifunga mabao 52 ya ligi katika misimu miwili akiwa na LA Galaxy ya Marekani. Usajili ule ulikosa kazi ya kumpa, na kosa la namna hiyo ni la benchi la ufundi kuliko la goti.

Mfano wa Santos ya Brazil ni mgumu zaidi, kwa kuwa klabu hiyo ilimrejesha Neymar Januari 2025 kwa miezi sita, ikamwongezea muda mwezi Juni licha ya majeraha yake, na ikabaki ligi kuu akicheza mechi za mwisho na goti bovu. Ilimhitaji, ikambakiza, ikanusurika. Lakini timu iliyohesabu siku zake kwa kutegemea goti moja ilikuwa ukingoni mwa shimo msimu mzima, na kunusurika mara moja hakuigeuzi bahati kuwa sera.

Suala la maadili limeachwa kando na karibu waandishi wote, ingawa ndilo linalopaswa kuwakosesha usingizi madaktari wa klabu. Baada ya ubingwa wa 2022 Ibrahimović alieleza kwamba alikuwa amecheza miezi sita bila kano msalaba ya mbele katika goti la kushoto na kwamba alifanya mazoezi na wenzake mara zipatazo kumi tu. Timu yenye gharama ndogo ya kukosekana ina uwezo wa kumwambia mtu kama huyo apumzike, na pale inapokuwa na uwezo huo bila kuutumia, lawama haiwezi kuelekezwa kwa ujasiri wa mchezaji peke yake.

Kwa kipimo hichohicho, mkataba wa Julai 2022 ulikuwa kosa. Upasuaji wa goti ulikwisha kufanyika Mei, ilijulikana kuwa angekaa nje hadi mwaka unaofuata, na ingawa mshahara ulipunguzwa sana, alichukua nafasi katika kikosi ambacho safu yake ya mbele ilimtegemea Giroud mwenye umri wa miaka 35 na Divock Origi aliyefunga mabao mawili tu ya ligi. Ibrahimović alicheza mechi nne za ligi, akafunga bao moja dhidi ya Udinese Machi 2023 lililomfanya kuwa mfungaji mwenye umri mkubwa kuliko wote katika Serie A, akastaafu Juni. Desemba mwaka huohuo wamiliki wapya, RedBird, walimteua kuwa mshauri wao katika mambo ya klabu. Kazi hiyo ndiyo iliyopaswa kuandikwa katika mkataba wa Julai 2022, na nafasi yake kikosini kupewa mshambuliaji mwenye magoti mawili.