Mizizi ya munkoyo na pumba za Takamine

Mama yangu alipika munkoyo, kinywaji cha unga wa mahindi, huko Kikula, mtaa wa Likasi, zamani mji huo ukiitwa Jadotville. Wanywaji wake walikuwa watu wa kampuni ya migodi ya Union Minière waliotoka zamu Shituru, kiwanda kilichoanza kusafisha shaba kwa umeme mwaka 1929. Kampuni iliwagawia posho ya unga wa mahindi, nao unga huohuo ulitoa bukari, yaani ugali, na munkoyo.

Alipika uji mzito, akauepua, akangoja joto lipungue, ndipo akatia mizizi ya porini iliyopondwa. Haikutiwa uji ukichemka, maana vimeng'enya vya mizizi huharibiwa na moto mkali. Uji ulilegea, ukawa mwepesi na mtamu, kwa kuwa wanga wake ulikuwa umekatwa ukawa sukari. Kesho yake ulikuwa umeanza kuchacha.

Nilipoanza kufundisha kemia nilisoma habari za Jokichi Takamine, Mjapani aliyefanya kazi hiyohiyo ya kukata wanga kwa kutumia kuvu. Kwao kuvu ya Aspergillus oryzae huoteshwa juu ya mchele uliopikwa kwa mvuke. Alipofika Peoria, Marekani, akaiotesha juu ya pumba za ngano, mabaki ya vinu ya bei rahisi. Hataza yake ni ya mwaka 1894, na kimeng'enya chake, Taka-Diastase, kiliuzwa na kampuni ya Parke-Davis kuwa dawa ya tumbo.

Mimi humsifu zaidi kwa zile pumba. Kuvu haitoi vimeng'enya bure. Ikipewa sukari nyingi iliyo tayari, hula na kupunguza kazi. Ikikuta wanga, ndipo hutoa vya kuuvunja. Pumba zina wanga uliosalia, zina protini ya kuipa nitrojeni, zina fosforasi, na hewa hupita katikati yake. Ndivyo ilivyo hata kwa kuvu nyingine, Trichoderma reesei, iliyopatikana kwenye mahema ya askari wa Marekani visiwani Solomon wakati wa Vita vya Pili vya Dunia: hutoa vimeng'enya vingi ikilishwa selulosi, lakini ikipewa glukosi huviacha.

Huku kwetu pumba za mahindi huishia kwa kuku na nguruwe, wakati mizizi ya munkoyo inachimbwa katika misitu ya miombo inayokatwa kila siku kwa ajili ya makaa. Ningefurahi sana wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wakiotesha kuvu ya Takamine juu ya pumba zetu, mara zikiwa peke yake, mara zikichanganywa na mashudu ya karanga, wapime njia ipi inalegeza uji upesi. Ila waanze na mbegu safi ya maabara, na pumba wazipike kwanza kwa mvuke: Aspergillus flavus, ndugu yake wa karibu, hupenda mahindi na karanga hizohizo, na huacha humo sumu ya aflatoksini.