KUSOMA UJERUMANI KWA MABADILISHANO: JIPANGE HIVI KABLA HUJAPANDA NDEGE

Leo tuliweke hili jambo sehemu moja, mwenye kulihitaji aprinti akae nalo. Maswali ya kusoma nje huwa ni mengi, ila karibu yote yanahusu viza na tiketi. Viza ina ugumu wake, sawa. Lakini kwa mwanafunzi wa kubadilishana, kinachoumiza zaidi huja baadaye: unarudi nyumbani, masomo uliyosoma huko hayahesabiki, wenzako wanavaa joho na wewe unarudia mwaka. Kwa hiyo tutaanza na karatasi za chuoni, halafu ndio twende ubalozini.

Mfano wetu ni mwanafunzi wa shahada ya kwanza Tanzania anayekwenda Ujerumani muhula mmoja. Wa nchi nyingine, misingi ni ile ile ila masharti ya viza na pesa ayaangalie upya.

1. MABADILISHANO MAANA YAKE NINI

Unabaki kuwa mwanafunzi wa chuo chako cha hapa. Chuo chako kina makubaliano na chuo cha kule, kinakuteua, unakwenda muhula mmoja au miwili, unarudi kumalizia shahada yako. Kwa kawaida ada ya masomo kule hulipi, unaendelea kulipa ya hapa. Hata jimbo la Baden-Württemberg, ambalo tangu mwaka 2017 linawatoza wageni wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, huwa haliwatozi wanaokuja kwa makubaliano ya vyuo. Kuna mchango wa muhula tu, ambao sehemu nyingi ndani yake mna tiketi ya mabasi na treni.

Hapa pa kushika: nafasi hizi zinapita CHUONI. Ofisi ya uhusiano wa kimataifa ndiyo yenye orodha, ikiwemo nafasi za mpango wa Erasmus+ wa Umoja wa Ulaya. Ukipata barua pepe kwamba "umechaguliwa, tuma pesa tukushikie nafasi", achana nayo.

2. MKATABA WA MASOMO, HAPA NDIPO PENYEWE

Kuna fomu inaitwa "Learning Agreement". Inaorodhesha masomo utakayosoma kule na masomo ya hapa yatakayofidiwa. Inasainiwa na watu watatu: wewe, chuo chako na chuo cha kule. Isainiwe KABLA hujaondoka. Neno la mdomo la mhadhiri, "nenda tu, ukirudi tutaona", halitoshi. Ukirudi anaweza kuwa amehamishwa, au yuko masomoni mwenyewe.

Kwenye fomu hiyo angalia mambo manne:

(a) Krediti. Ulaya wanatumia ECTS, ambapo mwaka mzima ni krediti 60 na muhula ni 30. Kwetu, kwa mfumo wa TCU, mwaka ni krediti 120. Ukilinganisha mwaka kwa mwaka, somo la ECTS 6 linakuwa krediti 12 za hapa. Ukilinganisha saa kwa saa ni hesabu nyingine. Ujerumani krediti moja huhesabiwa saa 30 za kazi, kwetu ni saa 10, kwa hiyo somo lile lile linafika krediti 18. Tofauti siyo ndogo! Muulize mkuu wa idara anatumia njia ipi, na aiandike.

(b) Alama. Kwetu GPA ya 5.0 ndiyo kilele. Ujerumani ni kinyume: 1.0 ni bora kabisa, 4.0 ni kufaulu kwa mwisho, 5.0 umefeli. Mtu wa hapa asiyejua akiona 1.3 kwenye transkripti yako atadhani ulikuwa unalala darasani. Omba idara yako ikuandikie mapema jinsi alama zitakavyogeuzwa, au kama wataandika "amefaulu" tu bila kuziingiza kwenye GPA.

(c) Lugha. Masomo mengi ya shahada ya kwanza kule yanafundishwa kwa Kijerumani. Chuo kinaweza kuwa na jina kubwa lakini masomo ya Kiingereza ya fani yako yakawa mawili tu. Fungua orodha ya masomo ya muhula, usome moja moja.

(d) Kalenda. Muhula wa baridi vyuo vikuu vya Ujerumani unaanzia 1 Oktoba hadi 31 Machi, vipindi vinaanza katikati ya Oktoba na kuisha Februari. Muhula wa kiangazi ni 1 Aprili hadi 30 Septemba, vipindi vinaisha Julai. Mitihani mingine huja baada ya vipindi. Ukienda muhula wa kiangazi, mitihani inaweza kukutana na field yako. Ukienda wa baridi, unaweza kurudi wenzako wameshaanza muhula wa pili. Liongelee na idara sasa hivi, usingoje uwe kule.

Ukifika na kukuta somo limefutwa au ratiba zinagongana, usibadilishe kimyakimya. Fomu ina sehemu ya mabadiliko, nayo inasainiwa upya na pande zote.

3. BOOM

Kama unasoma kwa mkopo wa Bodi, nenda kwa afisa mikopo wa chuo kabla ya jambo lolote la safari. Pesa ya kujikimu inataka mwanafunzi athibitishe kwamba yupo. Uliza muhula ambao haupo boom linakuwaje, na ada inakuwaje. Jibu lipate kwa maandishi. Pia usiache kujisajili chuoni kwako kwa muhula huo, la sivyo utaonekana umeacha masomo.

4. PASI, VIZA NA PESA

Pasipoti inaombwa Uhamiaji, fomu inajazwa kwenye tovuti yao. Ada ya pasi ya kawaida ni shilingi 150,000. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kiwe tayari, na majina yafanane kila mahali: cheti cha kuzaliwa, kidato cha nne, kitambulisho cha NIDA. Herufi moja ikitofautiana inaweza kukula wiki kadhaa.

Kukaa zaidi ya siku 90 kunahitaji viza ya taifa, siyo ile ya Schengen ya matembezi. Ubalozi wa Ujerumani uko Umoja House, Dar es Salaam. Ada yake ni euro 75, ila mwenye ufadhili wa fedha za umma huweza kusamehewa, hivyo uliza. Alama za vidole unakwenda kutoa mwenyewe. Majibu huweza kuchukua wiki nyingi, kwa hiyo tiketi isiyorudishiwa pesa usinunue kabla.

Pesa za kuishi lazima uzioneshe. Tangu Septemba 2024 kiwango ni euro 992 kwa mwezi, sawa na 11,904 kwa mwaka. Asiye na ufadhili huziweka kwenye akaunti maalum inayoitwa Sperrkonto, inayokutolea kidogo kidogo kila mwezi. Mwenye ufadhili anapeleka barua yake. Soma barua hiyo vizuri: inataja kiasi kwa mwezi, miezi mingapi na bima? Ikiwa pungufu, ubalozi utataka nyongeza ionekane.

Usitegemee kibarua kulipia kodi ya mwezi wa kwanza. Sheria inamruhusu mwanafunzi mgeni siku 140 nzima kwa mwaka tangu Machi 2024, lakini kazi hazikungojei uwanja wa ndege.

Na wewe unayeskani pasi kafe: ukimaliza FUTA faili kwenye kompyuta ile, toa fleshi yako, toka kwenye barua pepe. Pasi yako iliyobaki kwenye mashine ya watu ni mtaji wa tapeli.

5. WIKI MBILI ZA KWANZA

Ukishahamia chumbani, una wiki mbili za kwenda kujiandikisha ofisi ya mji. Inaitwa Anmeldung. Unahitaji karatasi ya mwenye nyumba, na bila Anmeldung mambo mengi yanakwama, kuanzia benki hadi kibali cha ukaazi. Kwa hiyo mtu akikupangisha chumba na kusema "hapa huwezi kujiandikisha", kimbia. Chumba cha bweni la wanafunzi omba mara tu unapopata barua ya kukubaliwa, huwa vinaisha.

Pia kuna ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, hata kama huna TV. Mkiishi wengi mnagawana.

6. DARASANI NA MTAANI

Ratiba ikisema "10 c.t.", kipindi kinaanza 10:15, yaani saa nne na robo asubuhi kwa saa zetu. Ikisema "s.t." ni saa nne kamili. Mtihani nao unaweza kutaka ujisajili mwenyewe kwenye mfumo. Tarehe ikipita, umehudhuria muhula mzima na alama huna.

Desemba, Berlin jua linatoka kama saa mbili na robo asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni. Koti zito nunua kule kule, mitumba ipo hata Ulaya. Jumapili maduka mengi yamefungwa, nunua chakula Jumamosi.

Upweke upo, tusidanganyane. Dawa mojawapo ni lugha yetu: Bayreuth, Leipzig na Hamburg Kiswahili kinafundishwa chuo kikuu. Watafute wanafunzi wake, wewe uwape Kiswahili, wao wakupe Kijerumani.

7. RATIBA YA ANAYEONDOKA OKTOBA

Oktoba hadi Desemba mwaka uliotangulia: ofisi ya kimataifa, pasi, usahihi wa majina.
Januari hadi Machi: maombi, mtihani wa lugha kama unatakiwa.
Aprili na Mei: mkataba wa masomo, afisa mikopo, bweni.
Juni na Julai: viza.
Agosti na Septemba: bima, tiketi, nakala za kila kitu.

Kabla ya kurudi, hakikisha umejua transkripti itatumwa lini na kwa nani. Ikifika chuoni kwako pamoja na ule mkataba uliosainiwa, hakuna wa kukurudisha mwaka.

Waliowahi kwenda, dondosheni nyongeza hapo chini. Hasa wa vyuo vya mikoani, semeni idara zenu zinahesabuje krediti. Itasaidia wengi.